Karte ya Mutu, Karte ya Feza

Tangu nirudi, kila anayeingia kantini kunywa chai ananiuliza, "Siku, ilikuwaje huko Burundi?" Najibu mkono ukiwa kwenye karai, hadithi inakatika katikati, na maandazi yanaungua. Basi nimekaa chini niandike yote, msome kwa mpigo mmoja, mniache nikaange kwa amani. Habari za pasipoti, chanjo na tiketi nawasamehe, maana zilinichosha mimi na zitawachosha nyinyi.

Kwa wale wasiomjua, mdogo wangu Ramadhani ni fundi magari. Aliondoka kwetu Kondoa akiwa kijana, akapitia Kigoma, akaenda kutia nanga Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako kila kona ina gereji na kila gereji ina redio. Vita vikamkuta huko, naye hakuondoka. Harusi yake ilipangwa ikaahirishwa, ikapangwa tena ikaahirishwa tena, mara barabara imefungwa, mara risasi zimelia mtaa wa bibi harusi. Safari hii alinipigia simu ya kantini akapaza sauti kama yuko ng'ambo ya bonde: "Dada, hata dunia ipinduke, Jumamosi naoa!"

Wazazi wetu hawapo. Upande wetu wote ni mimi. Furaha ikanipanda kichwani, nikajibu bila kupumua, "Chakula cha harusi ni juu yangu. Wasinunue hata chumvi!"

Nikaenda benki kutoa akiba yangu. Msichana wa dirishani aliposikia ninakokwenda aliinua macho. Msitu wa upande wetu wa mpaka ulikuwa na majambazi wa mabasi, na upande wa pili kulikuwa na vita. "Mama, usibebe pesa," akasema. "Beba kadi. Hii inatoa dunia nzima." Kadi yenyewe ilikuwa ya bluu, inang'aa, namba zake zimetuna kama upele. Niliishonea mfuko ndani ya sketi, nikachukua noti za nauli na za kula njiani, nikaondoka nikijiona mwanamke wa kisasa kuliko wote wa Dodoma.

Dodoma mpaka mpakani

Singida, Nzega, Kahama. Mpaka hapo mnapajua, sina jipya, isipokuwa kwamba kuku wa Kahama niliyeuziwa kuwa wa kuchoma alikuwa amepashwa tu jua. Baada ya Nyakanazi ndipo safari ilipoanza. Polisi wawili wenye bunduki walipanda basi letu, wakakaa mbele, na dereva akazima redio. Msitu ukatuzunguka pande zote mbili. Watu walianza kuhamisha pesa zao kimyakimya: nyingine kwenye soksi, nyingine kwenye nepi ya mtoto.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bujumbura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, wakimwita Mama Kevine. Alitoa mkate mzima kwenye kikapu, akaupasua kwa kidole upande wa chini, akasukumia fungu la noti ndani, akauziba kwa kipande kilekile.

"Na we, feza yako umeficha wapi?" akaninong'oneza.

Nikamwonyesha ncha ya kadi. Akaitazama, akaigeuza.

"Karte ya simu?"

"Ya benki. Pesa zote zimo humu."

Mama Kevine aliirudisha mkononi mwangu taratibu kama anayemrudishia mtoto mdoli wake. "Sawa, dada. Mi mukate wangu, nikikosa kila kitu, naweza kuukula. We ile utaikula?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Majambazi hawakutokea. Tulipofika mpakani abiria wote walipiga makofi, na polisi wakapiga picha na dereva.

Muyinga mpaka Kayanza

Ng'ambo ya mpaka kila kitu kilipinduka. Magari yanaendeshwa mkono wa kulia, na kila basi letu lilipokutana na lori nilifumba macho. Vilima vimebanana hadi hakuna mahali pa kuweka kiwanja cha mpira, na kila kilima kimelimwa kuanzia miguuni mpaka utosini. Niliuliza kijiji kiko wapi, wakanicheka. Watu wanakaa kila mmoja kwenye migomba yake, hakuna kijiji.

Tulifika Kayanza tukakuta magari yamepangwa pembeni ya barabara hadi macho yanapochoka. Njia ya kushukia Bujumbura ilikuwa imefungwa. Asubuhi kulisikika risasi mbele, na mpaka wanajeshi waifungue hakuna gari litakalosogea. Tukalala pale, na siku iliyofuata tukashinda pale.

Mtadhani nilikuwa nalia. Wapi! Baridi ilikuwa kali, nikajifunga kanga zote nilizonazo, na foleni ile ikageuka mnada. Akina mama walishuka vilimani na vikapu vya karoti, viazi na marakuja, yale matunda tunayoita pasheni. Vijana waliwasha majiko ya mkaa katikati ya malori wakachoma mishikaki ya mbuzi, wenyewe wanaita brosheti, na ndizi za kuchoma pembeni zilizopakwa pilipili inayokufanya uone nyota mchana. Nilimuuliza kijana mmoja anaweka nini kwenye nyama ile, maana mimi ni mpishi na sikuweza kuvumilia. Akajibu Kirundi, nikamjibu Kiswahili, akanivuta mpaka jikoni kwake akanionyesha: chumvi na kitunguu, basi. Siri yote ilikuwa mbuzi mwenyewe, aliyekula majani ya vilima vile.

Lakini noti zangu za njiani zilikuwa zinayeyuka, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Kuteremka Bujumbura

Njia ilifunguliwa Alhamisi asubuhi. Gari la jeshi mbele, jingine nyuma, na katikati malori, mabasi na teksi, wote mbio kama tunafukuzwa. Tulipita lori lililoungua, matairi yake bado yanatoa moshi. Mama Kevine alipiga ishara ya msalaba, mimi nikasoma nilichojua. Halafu kona, halafu kona nyingine, halafu kijana juu ya baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi akatupita kwa kasi, miguu hewani, kichwa mbele! Nyuma yake mwingine, na mwingine. Wakati wa kupanda, nikaelezwa, wanashikilia malori kwa mkono mmoja.

Kisha ukungu ukafunguka, na chini kabisa likaonekana ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo, na joto likaanza kupanda kutoka bondeni kama mtu amefunua sufuria. Nilipiga kelele peke yangu. Watu waliniangalia. Sikujali.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi cha kuingilia mji, wakatuteremsha wote tupange mstari. Mwanajeshi kijana, uso umekunjwa kwa jua, alipita mmoja mmoja mkono ameunyoosha. "Karte. Karte. Karte." Aliponifikia mimi, ningejua nini? Nikapenyeza mkono kwenye sketi nikampa kadi ya benki.

Akaitazama. Akaipindua. Akamwita mwenzake, wakaitazama wawili.

"Hii karte ya nini, mama?"

"Ya benki. Inatoa dunia nzima."

"Apana," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mi nataka karte ya mutu. Apana karte ya feza."

Alikuwa anataka kitambulisho. Nikampa pasipoti, mstari wote unacheka, mwenyewe nacheka. Ila niligundua kwamba wenzangu kila mmoja alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili, na walipokirudisha mfukoni walikipapasa mara mbili kuhakikisha kipo.

Buyenzi

Ramadhani alinikumbatia hadi miguu ikaacha ardhi. Amenenepa, ana mvi sharubuni, na anaongea kama wao. "Dada, we ulikuwa wapi? Mi nimekufa kwa mawazo!" Nikamwambia kwanza aongee Kiswahili cha mama yake. Tukacheka mpaka machozi.

Mchumba wake, Esperansi, ni mshonaji, mwembamba, mwenye macho ya kucheka, na kwao ni Kanyosha, kusini mwa mji, ambako mama yake analima. Amesilimu, jina lake jipya ni Salama, lakini mama yake bado anamwita Esperansi na Ramadhani naye husahau. Alinikaribisha kwa mukeke, samaki wa ziwa lile, amekaangwa mzima na kuvikwa nyanya na limau. Wapenzi wangu, tangu leo msiniambie habari za sato.

Majirani wakaingia mmoja baada ya mwingine kuja kumwona dada wa bwana harusi. Na kila mmoja, baada ya salamu, alisema jambo lilelile kwa furaha: "Ni yeye ndiyo analeta chakula!" Uani waliniwekea masufuria makubwa ya kuazima, yamesuguliwa, yamepinduliwa, yananingoja. Hakuna aliyenunua hata chumvi. Walikuwa wameshika neno langu kama lilivyo.

Nikamwambia Ramadhani, "Kesho asubuhi nipeleke kwenye mashine ya benki."

"Mashini gani?" akasema.

Mashine ya kutoa pesa

Ijumaa asubuhi Ramadhani alikuwa na gari la mtu limefunguliwa injini, akaniitia teksi ya rafiki yake. Nikamwambia dereva natafuta mashine inayotoa pesa. Uso wake ukang'aa. "Mi naijua, mama! Mashini yenye kutoa feza, mi naijua muzuri!"

Alinipitisha mjini, miti mirefu, majengo ya Wabelgiji, akasimama mbele ya hoteli kubwa. Nikaona hapa kweli ni mahali pa watu wa kisasa. Nikaingia na baibui langu, nikauliza mashine, nikaonyeshwa mlango wenye pazia jekundu. Ndani giza, baridi, na mashine ukutani si moja, ni safu nzima, zinawaka taa na kuimba. Mwanamume mmoja alivuta mkono wa chuma, picha za matunda zikazunguka, sarafu zikamwagika chini kwa kelele.

Nilisimama pale, mimi Sikudhani binti Omari, mwanachama wa kikundi cha akina mama cha msikiti, katikati ya nyumba ya kamari!

Nilirudi nyuma upesi hadi nikamkanyaga mtu. Alikuwa mhasibu wa pale, mzee mpole aliyevaa tai. Alipoona kadi mkononi mwangu hakucheka, Mungu ambariki. "Mashini ya ukutani ya karte kama hii, mama, Bujumbura hakuna. Lakini ile banki ya pale kona wanapokea. Wanaipiga pasi."

"Wanaipiga nini?"

"Pasi. Halafu wanakupa feza."

Nilitoka nje nimeshika kadi kifuani. Plastiki, pasi ya moto! Nikawaza labda ni mzaha wao kwa wageni. Dereva naye aliapa kwamba hajawahi kusikia. Lakini nilikuwa na masufuria matupu yananingoja, kwa hiyo nikaingia benki.

Kijana wa dirishani aliitwa Deo, shati lake limenyooshwa sawasawa, Kiswahili chake kimechanganywa na Kifaransa. Kabla sijasema zaidi nilimwambia, "Usiiunguze." Akafungua droo akatoa chombo cha chuma chenye mpini wa kusukuma mbele na nyuma. Unalaza kadi, unaweka karatasi juu, unasukuma mpini, na zile namba zilizotuna zinajichapa kwenye karatasi. Kwa sababu ya umbo lake, wanakiita pasi. Hakina moto wowote. Tukacheka wote wawili, na foleni nyuma yangu ikaanza kucheka ikiwa haijui inacheka nini.

"Ila kwanza ni lazima nipige simu huko karte ilikotoka," akasema Deo. "Wakikubali, ndiyo napiga pasi."

Akapiga, laini ikakatika. Akapiga tena, akaongea na mtu wa Nairobi ambaye hakuwa benki, alikuwa duka la mbolea. Mara ya tatu simu ikaita vizuri, mtu akapokea, Deo akaninyooshea kidole gumba, nikaanza kuona ng'ombe na magunia ya mchele mbele ya macho yangu. Ndipo mlio mzito ukasikika kutoka kusini, vioo vikatetemeka, na mwingine ukafuata.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamezoea, na hilo ndilo lililonitisha. Deo aliweka simu chini, akarudisha pasi kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. "Tunafunga, mama. Rudi Jumatatu."

"Harusi ni kesho!"

"Jumatatu, mama. Pole sana. Nenda nyumbani sasa hivi."

Nilimkuta Ramadhani mlangoni akinitafuta kwa macho. Nikamwambia yote palepale barabarani, watu wanatupita mbio. Aliniambia jambo moja tu: "Dada, mulio huo unatoka Kanyosha. Mama yake Esperansi iko kule."

Mchana wa Ijumaa

Tulikaa barazani na Esperansi katikati yetu. Hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha gauni lake la harusi. Harusi ilikuwa imerudi kule kwenye kuahirishwa, kila mtu aliona, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Halafu kelele zikaanza mwisho wa barabara. Watu walikuwa wanaingia mtaani kutoka kusini, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Esperansi akasimama. Katikati ya umati ule alitokea mwanamke mrefu, mwembamba, miguu mitupu, gunia la maharage kichwani, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbuzi wawili. Nyuma yake walikuja shangazi, wajomba na majirani zao wa Kanyosha, na kila mmoja alikuwa na kitu: mikungu ya ndizi, mihogo, mafuta ya mawese ndani ya dumu, kikapu cha ndagala, dagaa wa kwao, wakavu, kuku waliofungwa miguu. Wangeviacha, wangekuta vimeporwa. Kwa hiyo walibeba kila kinacholiwa.

Huyo alikuwa Mama Esperansi. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akamtazama, akanigeukia mimi. Yeye anajua Kirundi tu, na mimi najua Kirundi cha kusema ndiyo na hapana, ego na oya. Alitazama masufuria yale yaliyopinduliwa. Akatua gunia la maharage katikati yake, akakunja mikono ya blauzi yake.

Jamani, mimi nimepika kwa miaka mingi kwenye kantini, sijawahi kupika kama siku ile! Jirani mmoja akaleta mchele wa mabonde ya Buterere, mwingine vitunguu, mwingine kuni. Mama Esperansi ananyoosha kidole, mimi naelewa. Mimi naonja, nakunja uso, yeye anaongeza chumvi. Aliponiona natia binzari kwenye nyama alishika kichwa, akaonja, akarudisha kijiko mara ya pili. Kusini milio iliendelea, ikasogea mbali, ikanyamaza, nasi tulikuwa bado tunabishana kwa mikono kuhusu ndizi zichemshwe au zikaangwe. Tulifanya vyote viwili.

Jumamosi

Walioana. Sheikh alikuja asubuhi na mapema kabla hali haijabadilika, Ramadhani akasema "nimekubali" kabla hajamaliza kuulizwa, watu wakacheka, akarudia vizuri. Wajomba wa Kanyosha, Wakristo watupu, walikaa kwenye mkeka na wazee wa Buyenzi, mikono kwenye sinia moja la pilau la mbuzi. Nilipiga vigelegele vya Kondoa, wakanijibu kwa vyao, virefu zaidi. Harusi iliyotakiwa kuwa ya watu wa mtaa ikawa ya watu wa mitaa miwili, pamoja na wapita njia waliofuata harufu. Chakula kilitosha. Msiniulize kivipi.

Jambo moja nililiona, nikalipuuza. Mara mbili tatu Mama Esperansi alimwuliza mtu swali huku ananitazama, na katika jibu nikasikia maneno "karte" na "banki". Uso wake ukabadilika. Nikadhani amechoka.

Jumatatu, benki

Nilikuwa bado na deni la moyo, na wageni walikuwa bado uani kwetu, wanakula akiba yao ya mwisho. Jumatatu nikajifunga vizuri, Ramadhani akanisindikiza kama mkalimani. Tulipotoka mlangoni tukakuta Mama Esperansi amevaa kitambaa chake cha harusi, anatungoja. Akatufuata nyuma. Nikaona ni heshima tu, mkwe anamsindikiza mkwe.

Deo alituona akainua mikono juu kwa furaha. Laini ilikuwa nzuri! Sauti ya mbali ikauliza jina langu, Deo akarudia kwa sauti. Jina la mama yangu. Siku niliyozaliwa, hapo nikababaika, maana mama alisema msimu wa mavuno na karani wa benki aliandika alichopenda. Nikabahatisha Mwaka Mpya, benki nzima ikasubiri, Deo akatega sikio.

"Wamekubali!"

Watu kwenye foleni, ambao tangu Ijumaa walikuwa wanaijua hadithi yangu, wakashangilia. Deo akatoa pasi kwenye droo. Akalaza kadi yangu, akafunika karatasi, akashika mpini.

"Oya!"

Mkono mrefu ulipita juu ya bega langu ukaikwapua kadi kutoka kwenye chuma. Mama Esperansi aliikumbatia kifuani akarudi nyuma hadi ukutani, anaongea mbio, machozi yanamtoka. Mlinzi akasogea. Benki nzima wanaelewa isipokuwa mimi.

"Anasemaje? Rama, anasemaje?"

Ramadhani akaanza kutafsiri. "Anasema chakula tumekula, tumeshiba. Anasema usiuze karte yako kwa ajili yake. Mutu bila karte atapitaje bariyeri? Utarudije kwenu?" Kisha akaongeza, "Mume wake, dada, siku moja alitoka kwenda kununua chumvi. Alisahau karte nyumbani. Hakurudi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa siku tatu mwanamke yule aliamini kwamba naweka rehani jina langu, niwe si mtu wa popote katika nchi yenye vita, ili wageni wake wale.

Nilifungua mkoba nikatoa pasipoti, nikamfungulia penye picha. Nikaiweka karibu na uso wangu. "Hii," nikasema, na maneno ya yule mwanajeshi yakanijia yenyewe, "hii ndiyo karte ya mutu. Ile ni ya feza. Ya feza tu."

Ramadhani akatafsiri, na nusu ya foleni ikatafsiri pamoja naye. Alitazama picha, akanitazama mimi, akapitisha kidole juu ya pua yangu iliyo kwenye picha. Kisha pumzi ndefu ikamtoka, akaketi sakafuni pale alipo. Deo akatoka nyuma ya dirisha na kiti chake, akamkalisha mbele kabisa ili aone kwa macho yake. Mpini ukaenda, mpini ukarudi. Akaipokea kadi, akaikagua pande zote mbili, akanirudishia ikiwa nzima. Halafu akaanza kucheka, akiwa amejifunika mdomo kwa kitambaa, na nikaangua kicheko, na tukashindwa kuacha hata mlinzi akatufungulia mlango.

Soko kuu na Kanyosha

Nilimwambia Ramadhani amweleze: pesa hizi zilikuwa za kumlisha siku ya harusi, naye ndiye aliyenilisha mimi, kwa hiyo achague sokoni chochote anachotaka. Alikataa. Nikasema nitakaa chini barabarani mpaka akubali, na nikakaa kweli, na baibui langu. Akakubali kwa aibu ya watu.

Alipita kwenye vitenge bila kugeuka. Alisimama kidogo kwenye masufuria, nikatoa pesa, akanivuta mkono tukaendelea. Alisimama mbele ya mwanamke anayeuza mbegu za maharage, akapiga magoti, akazichagua moja moja, zenye madoadoa, akinusa na kung'ata. Akaongeza jembe jipya la mpini mweupe. Basi. Kwa zilizobaki nilinunua magodoro na unga kwa ajili ya wale waliolala uani, akajifanya haoni.

Siku chache baadaye Kanyosha ilitulia, wakaanza kurudi. Nilimwambia dereva wa basi la Muyinga aniwekee kiti cha kesho cha kurudi nyumbani, kisha nikawasindikiza Kanyosha. Mlango wa nyumba ya Mama Esperansi ulikuwa umevunjwa, ndani patupu, lakini bati lilikuwepo na migomba ilisimama. Alizunguka nyumba mara moja, akatua mzigo, akaenda moja kwa moja shambani. Nilimfuata. Mawingu yalikuwa yameinama juu ya ziwa.

Yeye anachimba shimo, mimi natia mbegu. Nilitia tatu. Akainama, akatoa moja, akaniwekea kiganjani.

"Zibiri," akasema.

Kwa hilo sikuhitaji mkalimani. Mbili. Nikatia mbili, nikafukia kwa mguu kama nilivyomwona anafanya, nikasogea shimo linalofuata. Matone ya kwanza yalitukuta katikati ya mstari, makubwa, ya moto. Nilimtazama nione kama tutakimbilia ndani. Alikuwa ameshachimba shimo jingine, ananingoja.